Bahari Mlangoni, Kiu Ndani

Miaka ya 1930 mabumu, majahazi ya Kuwait, yalikuwa wageni wa kila mwaka katika pwani yetu. Yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, yakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, na kusi ilipoanza kuvuma yakarudi kwao. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na bumu mojawapo msimu wa 1938 na 1939 akaandika aliyoyaona. Mji uliotoa mabaharia hao haukuwa na maji ya kutosha ya kunywa. Visima vya Kuwait vilikuwa vichache na vingi vilikuwa vya chumvi, kwa hiyo kulikuwa na vyombo vyenye kazi moja tu: kwenda Shatt al-Arab, mto unaopita Basra, kujaza matangi maji matamu na kuyarudisha mjini yauzwe. Bahari ikichafuka, mji ulikaa na kiu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fedha za mafuta zikajenga mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kuwait wakati huo ilikuwa na watu kama 150,000. Leo wamepita milioni 4.5, na mvua haijaongezeka wala mto haujazaliwa. Minara maarufu ya Kuwait, ile yenye matufe ya buluu inayochapishwa kwenye kila kadi ya posta ya nchi hiyo, kazi yake ya kwanza ni kuhifadhi maji.

Habari hii inanifanya nisikubali maelezo tuliyoyazoea kuhusu watu na maji. Tunaambiwa kwamba watu wameongezeka, maji hayatoshi, basi bahari haina budi ichujwe. Katika Ghuba mambo yalikwenda kinyume. Maji yalitangulia, watu wakafuata. Dubai mwaka 1960 ilikuwa na watu kama 40,000, sasa imezidi milioni 3.5. Sensa ya Saudia ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 ni wageni. Falme za Kiarabu na Qatar ndiyo kabisa, kwani raia ni wachache mno mbele ya wageni. Hao hawakuzaliwa jangwani. Waliitwa na kazi, na kazi zisingekuwepo kama mifereji ya nyumbani isingekuwa na maji. Mtambo wa pwani ndio uliofungua mlango wa uhamiaji, na uhamiaji ukadai mitambo mingine, hadi leo.

Katika idadi hiyo wamo watu wetu. Binti wa Kilifi au wa Kakamega anayefanya kazi za nyumbani Riyadh akifungua bomba kuosha vyombo, maji yanayomwagika mikononi mwake yalikuwa baharini, Jubail au Ras Al-Khair, yakachujwa, kisha yakasukumwa zaidi ya kilomita 400 na kupandishwa mita 600 hivi hadi jiji lilipo. Kwa umeme uliotumika, kila ndoo ile ina mafuta ndani yake.

Oman ina sura nyingine kidogo, na familia nyingi zinazosema Kiswahili huko zinaijua. Kwa karne nyingi vijiji vya Oman viliishi kwa falaji, mifereji inayoteremsha maji kutoka milimani, na mgao wake hupimwa kwa muda. Mwenye nusu saa ana nusu saa, akitaka zaidi anunue zamu ya mwenzake. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Falaji iliweka mpaka ulioonekana kwa macho, kwamba kijiji hiki kinabeba watu hawa na mitende hii, basi. Mwaka 1976 mtambo wa Al Ghubra ulianza kazi Muscat, na mpaka ule ukaondoka. Nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni moja mwaka 1970 ilihesabu milioni 4.47 mwaka 2020. Kati yao wapo waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 na kuitwa nyumbani baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Wangekaa wapi, wote hao, kwa maji ya falaji peke yake?

Kuitoa bahari chumvi ni kazi ya nguvu. Njia ya zamani ni kuchemsha maji ya bahari na kukamata mvuke, na Ghuba iliitegemea miaka mingi kwa sababu ilikuwa na gesi na mafuta ya kuunguza. Njia ya sasa ni kuchuja. Maji husukumwa kwa pampu zenye shinikizo kubwa, mara 55 hadi 80 ya shinikizo la hewa tunayovuta, yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi ikabaki upande mmoja na maji matamu yakatokea upande wa pili. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo ulibuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, karibu na mwaka 1960. Tangu hapo kila kizazi cha mitambo kimepunguza umeme. Leo mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, huhitaji uniti 3 hadi 4 za umeme. Maumbile yenyewe yameweka sakafu ya takriban uniti 1, na hata kifaa kisicho na kasoro hakiwezi kushuka chini yake. Wanaoahidi kwamba ugunduzi ujao utafanya maji ya bahari kuwa bure hawajasoma sheria za fizikia.

Bei nayo imeshuka. Mwaka 2023 Dubai ilitia saini mkataba wa mtambo wa Hassyan kwa senti 36.5 za dola kwa mita ya ujazo. Wanasiasa wa nchi kavu wakisikia hivyo hudhani bei hiyo inasafirishika. Haisafirishiki. Falme za Kiarabu zimepata zabuni za umeme wa jua kwa senti 1.35 za dola kwa uniti, kwa hiyo umeme wa kuchuja mita moja ya ujazo unawagharimu kama senti 5. Nchini Kenya, tukihesabu uniti kwa shilingi 20, umeme peke yake unafika shilingi 70, na bado hujalipia utando, kemikali, mafundi wala riba ya mkopo. Na riba ndiyo inayouma zaidi, maana mtambo wa aina hii karibu gharama yake yote ya mwanzo hulipwa kabla tone moja halijauzwa.

Tena kuna suala la mlima. Kupandisha mita moja ya ujazo mita 100 juu kunahitaji, kwa hesabu ya fizikia tupu, uniti 0.27. Kufika Riyadh ni uniti 1.6, kabla ya msuguano wa mabomba. Ukitaka kuyafikisha Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, unahitaji uniti 4.6 za kupandisha tu, zaidi ya umeme wa kuondoa chumvi yenyewe. Hapo ndipo hoja ya ongezeko la watu inapobanwa. Nchi kavu ambazo idadi ya watu inakua haraka kuliko zote duniani ni kama Niger, Chad na Mali, na hazina hata hatua moja ya pwani. Mtambo wa baharini ni dawa ya mji wa pwani wenye umeme. Mfugaji wa Turkana hautamfikia, na kuutaja katika mijadala ya ukame wa kaskazini mwa Kenya ni kumpotezea muda.

Hautamfikia mkulima pia. Kilimo ndicho kinachokunywa takriban asilimia 70 ya maji baridi ambayo binadamu huyachota duniani, na ngano kilo moja huhitaji lita 1,000 hadi 1,800. Chukua maji ya nusu dola kwa mita ya ujazo: maji ya kilo moja ya ngano yanagharimu senti 50 hadi 90 za dola, wakati ngano yenyewe kwenye soko la dunia mara nyingi haizidi senti 30. Saudia ilijaribu njia ya mkato. Miaka ya 1980 iliamua kujilisha, ikachimba maji ya kale yaliyolala chini ya jangwa kwa maelfu ya miaka, ikamwagilia mashamba ya duara yanayoonekana kutoka angani, hata ikauza ngano nje. Mwaka 2008 serikali ikaamua kuufunga mradi huo hatua kwa hatua, kwa sababu maji yale hayarudi. Tangu hapo sehemu kubwa ya ngano yake inatoka nje. Profesa Tony Allan wa London aliieleza biashara hiyo vizuri kuliko wote aliposema kwamba nchi kavu inayoagiza nafaka huwa inaagiza maji yaliyokwisha kutumika kwingine. Kwa hiyo mtu anapokunywa na kuoga maji ya bahari Doha, sehemu kubwa ya maji anayoyatumia kweli iko kwenye mkate wake, na mvua yake ilinyesha nchi nyingine.

Hii ndiyo siri ya mafanikio ya Ghuba, na nasema hivi kwa heshima, maana wahandisi wao wamefanya kazi kubwa. Mtambo unabeba mahitaji ya nyumba, hoteli na viwanda, meli za nafaka zinabeba yaliyobaki, na mafuta yanalipia vyote viwili. Ukiondoa mguu mmoja, ongezeko la watu wa aina ile haliwezekani.

Mombasa haina mafuta, na watu wake hawakusubiri maji. Sensa ya 2009 iliwahesabu 939,370, na ile ya 2019 ikawahesabu 1,208,333. Bomba kuu kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, lina urefu wa kilomita 220 hivi na lilijengwa miaka ya 1950 likiwa na uwezo wa mita za ujazo 35,000 kwa siku. Likaongezwa bomba la Baricho kwenye mto Sabaki, ambalo hunywesha pia Malindi na Kilifi. Mahitaji ya jiji hukadiriwa kuwa karibu mita za ujazo 200,000 kwa siku, na yanayofika ni kama robo. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, na nyumba nyingi mfereji wake hutoa upepo.

Anayejaza pengo hilo ni mchuuzi wa mkokoteni. Utamwona Kisauni au Likoni na mitungi yake ya manjano ya lita 20, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, imefungwa kamba na kuzibwa kwa vipande vya nailoni. Mama mwenye nyumba humuuliza kwanza, "Ni ya chumvi au matamu?" Ya kisima cha chumvi ataogea na kufulia, ingawa sabuni haitoi povu. Ya kupikia lazima yawe matamu, maana kwa maji magumu maharagwe hukesha jikoni na chai haina ladha. Sasa piga hesabu. Mtungi mmoja ukiuzwa shilingi 20, mita moja ya ujazo, ambayo ni mitungi 50, ni shilingi 1,000. Siku za uhaba bei hupanda, na hesabu hupanda nayo.

Linganisha na bahari. Tusichukue bei ya Dubai. Tuseme umeme wetu ghali na mikopo yetu ya riba kubwa vinafikisha gharama kwenye dola 1 kwa mita ya ujazo, yaani shilingi 130 hivi. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayoingia mabombani hayaleti mapato, kwa kuvuja, kuibwa au kutopimwa, na Mombasa haina afadhali. Tukiyapoteza asilimia 45 njiani, kila mita inayofika imegharimu shilingi 236. Hata hapo, pamoja na uzembe wote huo, maji ya bahari ni chini ya robo ya bei anayolipa mama wa Likoni leo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kuondoa chumvi ni anasa ya matajiri ambayo maskini wetu hawaiwezi. Maskini wetu tayari wanalipa zaidi. Wasioiweza ni waliounganishwa kwenye bomba kwa bei ya ruzuku, na hao ndio wenye sauti pale bei inapotaka kupanda.

Lakini hesabu hiyohiyo inaonyesha pa kuanzia. Mtu anayepoteza asilimia 45 ya maji ya Mzima, ambayo yanateremka mlima karibu bure, hana haki ya kukopa kwa ajili ya maji ya bahari akayapoteze kwa kiwango kilekile. Kuziba mabomba ni kazi isiyo na utepe wa kukatwa wala picha ya gazetini, na nadhani ndiyo sababu haifanywi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilitangaza mitambo miwili ya kuondoa chumvi, mmoja wa mita za ujazo 100,000 kwa siku kaskazini mwa jiji na mwingine wa 30,000 Likoni. Miaka mitano baadaye hakuna hata mmoja uliokuwa unatoa maji. Wakati huohuo bwawa la Mwache, Kwale, lililopangwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, limekuwa likijengwa polepole. Bwawa hutegemea mvua, na mvua ya pwani si ya kuaminika kama zamani. Bahari haikosi msimu, na hiyo ni faida ya kweli ambayo wapinzani wa mitambo huipuuza.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni visima. Jiji likikosa maji ya bomba, kila mwenye uwezo huchimba. Kwenye pwani na visiwa maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na kanuni inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukishusha usawa wa maji hayo ya juu nusu mita kwa pampu, umepoteza mita 20 kutoka chini, na chumvi inapanda bila mtu kuiona hadi siku ya kuionja. Lamu inaishi kwa ukarimu wa namna hii. Maji ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujwa na mchanga na kutulia. Kila nyumba ya wageni inayojengwa juu ya vilima vile inakaa juu ya tangi la mji mzima. Huko Ndau na Kizingitini watu wamekinga mvua kwa majabia, mabirika ya kale yenye sakafu pana ya kukusanyia maji, na Kiunga umewekwa mtambo mdogo wa kuondoa chumvi unaotumia umeme wa jua. Kwa kijiji kilicho mbali na bomba lolote, mtambo mdogo wa jua na jabia lililokarabatiwa vinasaidia kuliko ndoto ya bomba la kilomita 100. Tatizo la mitambo hiyo midogo ni fundi na vipuri. Utando huziba na pampu hufa, na mfadhili huwa amekwisha kuondoka.

Mitambo yenyewe ina udhaifu wake. Kwanza, mtambo unapotoa maji matamu unarudisha baharini maji ya chumvi kali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa uliotolewa 2019 ulihesabu karibu mitambo 16,000 inayofanya kazi duniani, ikitoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku na milioni 142 za chumvi kali, na zaidi ya nusu ya chumvi hiyo inatoka Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar. Ghuba ina kina cha wastani wa mita 35 tu na jua lake ni kali. Bahari yetu ni bora, ina mikondo na maji yanayopwa na kujaa kwa nguvu. Hata hivyo ukimwaga chumvi ndani ya mkono wa Tudor au Port Reitz, ambako maji hujizungusha kati ya mikoko, mvuvi wa mtumbwi ndiye atakayelipa. Bomba la kumwagia lipite nje ya mwamba wa matumbawe, lisambaze chumvi kwa matundu mengi, na gharama yake iwemo kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Udhaifu wa pili ni wa usalama. Mwishoni mwa 2008 na mwanzo wa 2009 vijimea vidogo vya baharini vilistawi kupita kiasi na kuigeuza bahari ya Oman na Falme za Kiarabu nyekundu, mitambo kadhaa ikafungwa. Mwaka 1991, wakati wa vita, mafuta yaliyomwagwa baharini yalielekea Jubail na ikabidi vizuizi vitandazwe kuulinda mtambo. Ndiyo maana Abu Dhabi imefukia chini ya jangwa la Liwa mita za ujazo milioni 26 za maji yaliyokwisha kuchujwa, akiba ya watu milioni moja kwa siku 90. Mji unaotegemea bahari pekee hauna budi kuwa na akiba, na akiba nayo ni fedha.

Mwisho wa yote ni mkataba. Mitambo mikubwa siku hizi hujengwa na kampuni binafsi, na serikali huahidi kuilipia kampuni uwezo wa mtambo hata kama maji hayakuchukuliwa. Melbourne iliuagiza mtambo wake wakati wa ukame mkali. Ulipokamilika Desemba 2012 mvua ilikuwa imerudi, na jiji likalipa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kwa mtambo uliolala hadi 2017. Australia inaweza kumeza hasara hiyo. Kaunti yetu haiwezi. Kabla ya kalamu kushikwa tena Mombasa, wananchi waonyeshwe bei ya mita ya ujazo, bei ya uniti ya umeme iliyotumika katika hesabu, nani anabeba hasara shilingi ikishuka, na mahali bomba la chumvi litakapotokea. Na iandikwe humohumo bei ya mtungi mmoja kwenye kioski cha Likoni, na adhabu ya kampuni maji yasipofika hapo.